Aliyekula Umeme wa Chumba cha Mwisho

Mudzipela, Bunia. Jua linashuka.

Neema, mwanangu,

Usicheke. Najua mimi ni yaya wako tu, dada mkubwa, na kwamba bado navaa sare siku ambazo shule inafunguliwa. Lakini Mama kabla hajafariki aliuchukua mkono wako akauweka ndani ya wangu, na tangu Papa aende Butembo kutafuta bidhaa na barabara ikafungwa nyuma yake, hakuna mwingine wa kukuandikia barua ambayo mzazi humwandikia mtoto anapoondoka. Kwa hiyo leo nitakuita mwanangu, nawe utavumilia.

Barua hii haitasafiri na wewe. Njiani karatasi hupekuliwa kama mifuko, na humu nimeandika mambo ambayo askari wa bariyeri, pale barabara inapozuiwa, hapaswi kuyasoma. Jirani yetu Mama Jolie ana dada yake anayepeleka chumvi Ariwara kwa kupitia Uganda. Yeye ndiye atakayekuletea. Hata yeye simwamini sana, ndiyo maana siandiki jina la kikosi wala la kabila. Ukiipata ikiwa imefunguliwa, utajua sikukosea.

Naandika sasa kabla giza halijaingia, kwa sababu leo jenereta haitawaka. Wewe uko uani, nakusikia. Kesho asubuhi utapanda lori la Ariwara pamoja na Papa Salumu, mkewe Mama Anifa na mtoto wao, nami nitabaki kulinda chumba mpaka Papa arudi. Sitakuandikia habari za kufua, kusali na kuheshimu wakubwa. Hayo unayajua, na usiyoyajua Mama Anifa atakuonyesha. Nitakuandikia jambo moja tu: jinsi kidogo nimuuze kwa wauaji mtu ambaye kesho namkabidhi mtoto wangu. Siku ile ulikuwepo, lakini ulikuwa upande wa ndani wa mlango. Nataka ujue kulikuwaje upande wa nje.

Huko Ariwara watakuuliza mlikaa wapi, nawe utasema: katika depo ya zamani, ghala la kahawa lililokatwa kwa mbao likawa vyumba. Mbele yake iko nyumba ya Papa Anselme mwenye depo, na nyuma yake kuna kibanda cha jenereta. Tangu nyaya za mji ziliponyamaza, jenereta ile ndiyo ilikuwa jua letu la pili. Ila usisahau kuwaeleza desturi ya kopo, kwa maana sidhani kama iko mahali pengine. Kila jioni kila chumba kilileta kopo yake ya mazutu, dizeli ya jenereta, na kuimimina ndani ya tangi mbele ya macho ya wote. Hakuna aliyemwamini mwenzake aimimine peke yake. Na kabla ya kumimina, kopo ilinuswa.

Mama Jolie, muuza mikate wa chumba cha tatu, ndiye alikuwa pua yetu. Unakumbuka alivyokuwa akimsumbua Papa Salumu?

"Papa Salumu, yako iko na harufu ya maji."

"Maji haina harufu, mama."

"Njo maana nasema iko na maji. Sisikii kitu!"

Watu walicheka, lakini wakasogea wakaangalia. Hivyo ndivyo tulivyoishi: kicheko kwanza, kisha jicho.

Haki yetu ilikuwa balbu moja kwa kila chumba, na redio ya kusikiliza habari. Jenereta ilizimwa habari zikiisha. Halafu ikaanza kuzimika yenyewe katikati ya habari, tangi likiwa kavu, mtangazaji akikatwa hata kabla hajataja mji wetu. Siku za vita, kukatwa habari ni kama kufungwa macho. Watu walianza kusema chinichini. Fundi cherehani wa chumba cha tano, Papa Dieudonné, aliacha kuwasalimu jirani zake wa pande zote mbili, ili asikosee.

Papa Anselme aliniita barazani kwake.

"Kavira, weye unasoma fizike?"

"Ndiyo, muzee."

"Na nyinye batu ya Butembo hamuna upande hapa."

Wakati ule kutokuwa na upande kulikuwa upande vilevile, tena wa kutiliwa shaka na wote.

"Kuko mutu mu hii nyumba anakula kuran ya wenzake," akasema. "Unitafutie yeye."

Kuran ndilo jina la umeme kwetu, wewe wajua. Na kumtafuta anayeula niliweza. Mwalimu wetu wa fizikia, kabla hajakimbia mji, alinikabidhi vyombo vichache vya maabara visije vikaporwa, na kimoja kilikuwa kipimo cha umeme: kisanduku cheusi chenye kioo na mshale. Kwenye kibanda cha jenereta kulikuwa na ubao wenye fyuzi za vyumba vyote, moja moja. Ukiitoa fyuzi ya chumba na kukiweka kipimo mahali pake, mshale unasogea kadiri chumba hicho kinavyovuta umeme. Kazi rahisi. Nilisimama pale jioni ile wewe ukidhani nimekwenda kuteka maji. Chumba chetu: mshale ukainuka kidogo. Cha Mama Jolie: vilevile. Cha Papa Dieudonné: vilevile. Nilipofika chumba cha mwisho, cha Papa Salumu, mshale uliruka.

Nitakuambia lililopita moyoni mwangu, kwa kuwa mzazi akiandika barua kama hii asipolisema, bora aache wino wake ukauke. Nilifurahi. Mzee mwenye depo aliniuliza mimi, msichana, na mimi nilikuwa na jibu. Tena jibu lenyewe lilikuwa lile nililolitaka.

Kwa maana nilikuwa nimekwisha kumshuku Papa Salumu zamani. Alikuwa ametoka Mongbwalu, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako watu wa kila asili hulala shimo moja. Alisalimiana na watu wa kila kabila kwa lugha yao. Wengine tulikuwa tumeacha kusalimiana hata kwa lugha yetu, kwa hiyo mtu wa namna hiyo tulijiuliza habari anazipeleka wapi. Dirisha lao la mbao lilifungwa hata mchana wa joto. Mama Anifa hakuonekana kisimani. Na wewe, mwanangu, uliingia mle kila siku ukatoka umenyamaza.

"Mule ndani kuko nini?" nilikuuliza.

"Hakuna kitu, yaya."

Nilijua unanificha. Mzazi mwema angejiuliza mtoto wake ameona nini hata akafunga mdomo. Mimi nilijiambia: wameshamfundisha.

Jioni iliyofuata, wakati wa kopo, jenereta ikiwa imewashwa tayari kwa mazutu ya waliotangulia kumimina, watu wote wakiwa wamesimama kibandani, Papa Anselme alinigeukia. "Eh, Kavira. Ni nani?"

Nikasema, "Ni chumba cha mwisho."

Sikusema lingine. Maneno yale machache yalitosha kama kiberiti. Papa Dieudonné ndiye aliyelitaja neno ambalo wote walikuwa nalo kooni.

"Motorola," akasema. "Iko anachaji Motorola ya bale batu."

Redio ya kuongelea, ya kumpelekea adui habari. Hukuwa mtoto mdogo, ulijua maana yake. Mtaa wa pili walimkuta mtu na redio kama hiyo, au walisema wamemkuta nayo, wakamchukua mchana kweupe. Mke wake bado anazunguka akiuliza. Watu walirudi nyuma, wakamwacha Papa Salumu peke yake na kopo yake mkononi, hajaimimina bado.

"Mimi sina Motorola," akasema.

"Fungua mulango basi, tuone."

"Mulango, apana."

Hapo hata Mama Jolie akaiweka kopo yake chini.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa nimesimama pale na kipimo kwapani, na nilikuwa najua kwamba chaja ya redio ya kuongelea haivuti umeme hata wa balbu ndogo. Mshale wangu ulikuwa umeruka. Kitu kilichokuwa mle ndani kilikuwa kinatoa joto. Kwa hiyo mshale uleule niliomshtakia ulikuwa unamtetea, na mtu pekee pale aliyeweza kuusoma utetezi huo alikuwa mimi. Nikanyamaza. Nataka niseme niliogopa, na kweli niliogopa. Lakini woga ulikuwa nusu tu. Nusu nyingine, Papa Dieudonné aliposema Motorola, ni mimi mwenyewe niliyeiona: nyeusi, juu ya meza, taa yake nyekundu ikiwaka. Niliiona kuliko nilivyouona mshale.

Mwalimu wetu alikuwa na sheria moja ya maabara. Kila jaribio andika kwanza ulichoona. Kisha piga mstari kwa rula. Chini ya mstari ndipo uandike unachodhani. Aliyechanganya vya juu na vya chini alipata sifuri hata kama jibu lake lilikuwa sahihi, na tulimlaumu sana, tukasema ni mkali bure. Neema, shuku. Sitakuambia usishuku, mji huu ungekuwa umekwisha kutuzika kama tungeamini kila salamu. Mshuku dereva wa lori, mshuku anayekupa peremende, nishuku hata mimi nikikuambia mambo yatakuwa mema upesi. Lakini piga mstari. Mimi siku ile sikuupiga, na mtu alikuwa amesimama palepale mstari ulipotakiwa kupita.

Papa Dieudonné aliivuta fyuzi ya chumba cha mwisho akaitia mfukoni. "Tuone kama hatatoka," akasema, akamtuma kijana wa jirani aende kuwaita wale wanaokaa rond-point, kwenye mzunguko wa barabara. Wale wenye bunduki. Papa Salumu aliitazama njia, akautazama mlango wake. Hakukimbia. Nilifikiri: anakataa kukimbia kwa sababu wenzake wako karibu. Unaona moyo unavyofanya kazi? Kila alichofanya kilikuwa ushahidi.

Na mlango ukafunguka, ukatoka wewe.

Vifungo vya juu vya gauni lako vilikuwa wazi, na kifuani, ngozi kwa ngozi, ulikuwa umekumbatia kitu kidogo chenye kofia ya sufu. Mama Anifa alikuwa nyuma yako akiushika ukuta. Ulitembea polepole, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa, ukaja mpaka mbele ya Papa Dieudonné ambaye humfikii hata kifua.

"Njo huyu anakula kuran," ulisema. "Murudishe upesi, papa. Anapata baridi."

Mama Jolie aliinama akatazama. "Yesu wangu! Iko kama panya." Akajipiga mdomo. "Panya ya Mungu. Panya muzuri."

Ndipo tulipojua. Mtoto alikuwa amezaliwa kabla miezi yake haijatimia, kimya, nyuma ya dirisha lililofungwa. Njia ya hospitali ilipita kwenye bariyeri mbili, na Mama Anifa hakuthubutu. Walikuwa wamemlaza ndani ya katoni ya sabuni, balbu mbili kubwa juu yake, kitambaa kikizuia mwanga, na jenereta ikizimwa walimzungushia chupa za maji ya moto, na maji yakipoa walimweka kifuani kwa zamu. Zamu moja ilikuwa yako. Uliniambia ulikuwa umeapa kutosema, kwa kuwa mtoto wa namna ile hatazamwi na macho mengi kabla hajashika nguvu. Lakini Papa Salumu aliniambia baadaye sababu yake yeye, na hiyo inaniuma zaidi. "Nilifikiri mukijua, njo mutakata taa," alisema. "Nani atapatia mutoto ya mwenzake mazutu yake?" Kumbe na yeye alikuwa ndani ya chumba chake akitushuku sisi. Na tulikuwa tumeshaivuta fyuzi.

Papa Dieudonné hakukubali kirahisi. Mtu akishasema neno zito mbele ya watu, humwia vigumu kulimeza. "Mutoto, sawa," akasema. "Na Motorola inaweza kulala chini ya mutoto."

Hatimaye nikafungua mdomo wangu. Nilimwomba redio yake mwenyewe, ile anayosikilizia habari, nikaiunganisha kwenye ubao kupitia kipimo, nikamwita aje atazame kioo. Mshale ulitikisika kidogo tu, kama mtu anayeshtuka usingizini.

"Chaja ya Motorola haizidi hapa, papa. Chumba cha mwisho ni joto linalovuta, si redio."

Aliinua macho kutoka kwenye kioo.

"Na weye," akasema, "umejulia wapi Motorola inakula ngapi?"

Mwanangu, niliyasikia macho yote yakinihamia kama nzi. Nilikuwa nimesema kweli, na ile kweli ndiyo iliyokuwa ushahidi juu yangu. Msichana wa Butembo, asiye na upande, anayejua chakula cha Motorola. Papa Salumu alikuwa amesimama mahali hapo muda wote huo.

"Shuleni," nikasema.

"Muache mutoto ya batu!" Mama Jolie alifoka. "Shule njo inafundisha vile. Weye ulisoma nini, vifungo? Rudisha fyuzi, mutoto anakufa hapa na siye tunapiga siasa!"

Akairudisha. Ulirudi ndani mbio na mtoto. Kijana aliyetumwa rond-point Mama Jolie alimkimbilia mwenyewe, akamkuta amesimama njiani akila muwa; ule muwa ulituokoa sote, nami sijawahi kumgombeza mtoto mvivu tangu siku hiyo.

Lakini swali lilibaki, na Mama Jolie ndiye aliyelitoa. "Balbu mbili haiwezi kumaliza tangi. Basi mazutu yetu inaenda wapi?"

Safari hii nilifanya kama nilivyofundishwa. Sikudhani kitu. Nilizitoa fyuzi zote za ubao, moja moja, mpaka depo nzima ikawa giza. Jenereta isiyo na mzigo huimba kwa sauti nyepesi. Yetu iliendelea kuguna, kama mtu anayepanda mlima na gunia. Tulisimama gizani tukiisikiliza. Halafu watu, bila mtu kuwaonyesha, wakainua vichwa. Kulikuwa na waya mmoja uliotoka kwenye jenereta kabla haujafika ubaoni, ukapita juu ya paa, ukaingia nyumba ya mbele. Na nyumba ya mbele, taa zilikuwa zinawaka.

"Muzee," akasema Mama Jolie taratibu, "kumbe chumba ya mwisho iko ya kwanza!"

Mwisho wa waya ulikuwa frigo kubwa, jokofu lililojaa bia. Papa Anselme hakukana. Alikaa juu ya kiti cha kibandani, na kwa mara ya kwanza nilimwona kuwa mzee kweli.

"Ile bia si yangu," akasema. "Iko ya wale wakubwa wa rond-point. Wanakuja kuikunywa baridi. Mukitaka, kwendeni muizime nyinye wenyewe. Mulango iko wazi."

Hakuna aliyekwenda. Nilimkasirikia sana, bado namkasirikia, kwa kuwa alinituma nimtafute mwizi akijua waya wake uko wapi. Alitaka tuutazame ubao tusiinue macho. Lakini nikimpigia na yeye mstari, juu yake napata kuandika hivi tu: alikuwa na frigo, frigo ilikuwa ya wenye bunduki. Yaliyobaki yako chini ya mstari.

Wewe unakijua kilichofuata, kwa hiyo nitakipita haraka. Kwa kuwa frigo haikuweza kuzimwa, tulipunguza sisi. Vyumba vilianza kukaa viwili viwili chini ya balbu moja, halafu vitatu vitatu, na umeme uliookolewa ukabaki kwa katoni ya sabuni. Kila jioni nilipita na kipimo changu, na safari hii watu waliningoja mlangoni kwao. "Yetu imeshuka?" waliuliza, kama watu wanaouliza homa. Mama Jolie aliacha kusikiliza redio akasema habari zote za mji anazo yeye. Papa Dieudonné alishona chini ya balbu yetu, na nilimwona mara nyingi akihesabu nani ameingia na nani ametoka. Hakuna aliyeanza kumpenda mwenzake, usije ukawasimulia watu hivyo. Tulikaa chini ya balbu moja watu tusioaminiana, tukawa twaona nyuso zetu vizuri zaidi. Na Baraka, ndivyo walivyomwita, akaota mashavu.

Ila neno lililotoka uani halikurudi. Sijui nani alilibeba. Nimewashuku wote kwa zamu, na shaka yangu imechoka. Wiki hii mtu asiyemjua alimsimamisha Papa Salumu sokoni akamwuliza, huku anacheka, Motorola yake inauzwa? Ndiyo maana wanaondoka. Wanaondoka kwa sababu ya maneno yangu machache kibandani, na hakuna kipimo cha kurudisha hayo. Na wewe unaondoka nao kwa sababu wale wanaopita nyumba kwa nyumba wakiuliza watoto wa umri wako, wawafanye askari, wamefika mtaa wa nyuma, na wanachukua hata wasichana.

Simkabidhi mtoto wangu kwa macho yaliyofumbwa. Nilimwuliza imamu habari za Papa Salumu. Nilimwuliza mchimbaji mmoja Mkristo aliyelala naye shimo moja. Niliwauliza wenye malori kama ndugu yake wa Ariwara yupo kweli na duka lake liko kweli. Alijua ninachofanya. Jana alinikuta nauliza kwa kinyozi, akasimama mlangoni.

"Yaya Kavira, bado kunipima?"

"Bado, papa."

"Muzuri. Mimi pia ningepima."

Nikamwuliza palepale, mbele ya kinyozi, kwa nini anakubali kumbeba mtoto wa mtu aliyemshtaki. Nilitarajia aseme neno la dini au la kunifurahisha, nalo ningelishuku. Alisema, "Mutoto yako alibeba yangu." Akaingia akakaa anyolewe.

Hilo nimeliandika juu ya mstari.

Nilikuwa nimefika hapa katika barua nikasikia vicheko, nikaweka kalamu, nikatoka uani. Nimerudi sasa hivi. Giza limeingia na naandika kwa mshumaa wa Mama Jolie. Mlikuwa mnafanya zoezi la bariyeri. Papa Salumu alikuwa amevaa sufuria kichwani kama kofia ya askari na amekunja uso.

"Weye mutoto! Papa yako iko wapi?"

"Huyu hapa."

"Jina yake?"

"Papa Salumu."

"Apana, apana. Mutoto hawezi kuita papa yake vile, ile njo ya jirani. Wakisikia vile wanatushusha siye wote. Sema papa, basi."

"Papa," ulisema, ukaangua kicheko, na Mama Anifa akacheka mpaka Baraka akaamka.

Sikucheka. Niliingia katikati nikaanza kukuuliza mimi, kwa ukali, kama watakavyouliza wao: papa yako halali upande gani wa kitanda? Hali nini? Akikasirika hufanya nini? Ukajibu yote bila kufikiri. Upande wa ukutani, kwa sababu ya mgongo wa machimboni. Pilipili. Akikasirika huoga. Hakuna swali ulilobahatisha. Nami niliyepita mji mzima nikimpima mtu huyu, nilikuwa nalo jibu zima ndani ya chumba changu, limelala kitanda kimoja na mimi.

Akavua sufuria.

"Na weye, yaya?" akaniuliza. "Siye tukienda, wale watakuja hapa. Watauliza: ule mutoto musichana iko wapi? Utajibu nini?"

"Nitasema sijui."

"Watakupiga."

"Nitasema amekwenda kwa shangazi yake."

"Shangazi gani? Kijiji gani? Watatuma mutu kuangalia."

Nilijua ni jibu gani lililobaki, na kwamba likishatoka kinywani mwangu huwezi tena kuwa wangu peke yangu.

"Amekwenda na papa yake," nikasema.

"Apana," Papa Salumu akasema. "Vile hakuna askari ataamini. Sema tena."

Nilikutazama. Ulikuwa umempakata Baraka, umemwekea mkono kichwani, humtazami mtu yeyote.

"Amekwenda na papa yake."

Papa Salumu alijifuta uso kwa kiganja, akaokota sufuria yake.

"Sasa ata mimi naamini," akasema, akaingia ndani kufunga mizigo.

Mimi niliyekushika mkono kwa niaba ya Mama,
Kavira